Maswali ya Wasomaji: Bakteria wa Ngozini Wasiosikia Dawa

Toleo lililopita liligusia homa za wagonjwa wa saratani, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Karibu zote zinahusu jambo moja, nalo ni bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya kila mtu, ambao siku hizi wanajitokeza kwenye majibu ya maabara wakiwa sugu kwa dawa nyingi, na ambao huwaandama zaidi watu wenye kinga iliyopungua. Nimechagua barua chache. Majina ya walioziandika nimeyaacha kwa sababu zinazoeleweka, lakini maeneo yao hapa Dar es Salaam nimeyabakiza.

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu anatibiwa saratani ya matiti kwa tibakemikali, na aliwekewa mrija chini ya mtulinga ili dawa zisiendelee kuharibu mishipa ya mikono. Siku kumi hivi baada ya dozi ya tatu alipandwa na homa usiku, akawa anatetemeka. Hospitalini walimtoa damu mkononi na nyingine kwenye mrija. Majibu yalipokuja tuliambiwa ni bakteria wa kawaida wa ngozi, ila kwenye karatasi dawa nyingi zimeandikiwa herufi R. Sasa wanataka kuutoa mrija. Ndugu zangu wananilaumu kwamba sikuwa namwogesha mama vizuri. Je, kosa ni langu? Na kwa nini mrija utolewe badala ya kubadilisha dawa? (Binti wa Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na lawama, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Bakteria anayepatikana mara nyingi zaidi katika hali kama ya mama ni Staphylococcus epidermidis. Huyu anaishi kwenye ngozi ya karibu kila binadamu, awe daktari au mgonjwa, awe ameoga sasa hivi au amelala bila kuoga, na katika maisha ya kawaida hana madhara. Hata husaidia kuwabana bakteria wabaya zaidi wasipate pa kukaa. Hakuna sabuni inayomwondoa kabisa, kwa sababu baadhi yao hukaa ndani ya vitundu vya vinyweleo, na baada ya mtu kuoga hupanda tena juu. Usafi wa mahali mrija unapoingilia una umuhimu mkubwa, lakini bakteria huyu anaweza kupenya hata kwa mgonjwa anayetunzwa vizuri kabisa. Ndugu wanaokulaumu wanaye huyohuyo kwenye mikono yao.

Yaliyobadilika kwa mama ni mambo mawili. La kwanza ni njia. Ngozi ni ukuta, na mrija umeutoboa ukuta huo ukafika hadi kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, kwa hiyo bakteria aliyekuwa akikaa juu bila madhara amepata pa kupita. La pili ni walinzi. Tibakemikali huua seli zinazogawanyika haraka, na uboho wa mifupa, ambao ndio unaotengeneza seli za damu, ni miongoni mwa zinazoumia. Seli nyeupe zinazoitwa neutrofili, ambazo kazi yake ni kuwala bakteria, mara nyingi hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na zikiwa chini ya 500 katika kila mikrolita ya damu mgonjwa yuko hatarini sana. Siku kumi ulizozitaja zimeangukia katikati ya kipindi hicho.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Usaha tunaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni mabaki ya neutrofili zilizokufa vitani. Mtu asiye na neutrofili hawezi kutoa usaha wa maana, wala ngozi yake haiwezi kuvimba na kuwa nyekundu kama ya mtu mwingine. Ndiyo sababu unaweza kuutazama mrija wa mama ukaona pako safi, pakavu, hapana uvimbe, na huku ndani bakteria wanaongezeka. Mara nyingi ishara pekee ni homa. Kwa mgonjwa wa tibakemikali, kipimajoto kikisoma nyuzi 38.3 hata mara moja, au kikikaa kwenye 38 kwa saa nzima, hiyo ni dharura ya usiku uleule. Dawa ya kuingiza mshipani inatakiwa ianze ndani ya saa moja baada ya kufika hospitali. Kumpa paracetamol na kusubiri kukuche ni kuificha ishara pekee mliyo nayo.

Sasa kuhusu damu kutolewa mahali pawili. Kwa kuwa bakteria huyu yuko kwenye ngozi ya kila mtu, sindano inaweza kumchukua njiani ikamwingiza kwenye chupa ya maabara, na majibu yakaonyesha maambukizi yasiyokuwapo. Daktari akiwakuta bakteria walewale kwenye chupa ya mkononi na ya mrija, shaka hiyo hupungua sana. Zaidi ya hapo, kama damu ya mrija imeotesha bakteria mapema kuliko ya mkononi kwa saa mbili au zaidi, hiyo ni dalili nzuri kwamba chanzo ni mrija wenyewe. Waliomtoa damu mama mara mbili hawakumsumbua bure.

Na kwa nini mrija utolewe? Staphylococcus epidermidis ana ustadi mmoja mkubwa, wa kung'ang'ania plastiki na chuma. Akishajishika, hutoa ute unaomfunika yeye na wenzake, na ute huo ni wa aina moja na ule utelezi unaouhisi ukipitisha kidole ndani ya ndoo ya maji iliyokaa siku nyingi. Ndani ya ute bakteria huishi polepole, wengine kama waliolala, na dawa nyingi huua bakteria anayekua kwa kasi, aliyelala humpita. Hivyo dawa inaweza kusafisha damu, homa ikashuka, familia ikashukuru, na wiki moja baada ya dawa kwisha homa ikarudi kwa sababu kiota hakikuguswa. Zipo hali ambazo madaktari hujaribu kuuokoa mrija, hasa kwa bakteria huyu asiye mkali sana, kwa kuujaza dawa na kuifungia humo kwa saa kadhaa huku mgonjwa akipewa nyingine mshipani. Uamuzi huo hutegemea hali ya mgonjwa na kama njia nyingine ya mshipa ipo. Wakisema utoke, kubali. Mwingine unaweza kuwekwa mahali pengine damu ikishakuwa safi.

Herufi R maana yake ni kwamba bakteria hakuzuilika na dawa hiyo. Sehemu kubwa ya bakteria hawa wanaopatikana hospitalini hubeba jeni liitwalo mecA, ambalo huzifanya penisilini na sefalosporini karibu zote, pamoja na seftriaksoni iliyozoeleka kwenye wodi zetu, zisiwe na kazi. Kinachobaki mara nyingi ni vankomaisini. Hiyo hutiririshwa mshipani taratibu kwa muda wa saa moja au zaidi, kwa sababu ikiharakishwa mgonjwa huwashwa na kuwa mwekundu usoni na shingoni, na figo zake hufuatiliwa kwa vipimo. Mkiona muuguzi amepunguza kasi ya dripu msimwombe aiongeze ili mwahi kuondoka.

Wala hali hii si ya hapa kwetu peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya kuchunguza bakteria huyu kutoka hospitali za nchi nyingi, wakaonyesha koo zake tatu, yaani familia tatu za bakteria huyu, zilizosambaa duniani zikiwa sugu kwa karibu kila dawa. Ndani ya koo hizo walikuta mabadiliko madogo ya kijenetiki yanayoishinda rifampisini, dawa ambayo wengi wetu tunaijua kwa kugeuza mkojo rangi ya chungwa wakati wa kutibu kifua kikuu, na mabadiliko hayohayo yaliipunguza pia nguvu ya vankomaisini. Kwa miaka mingi bakteria huyu alidharauliwa. Akionekana kwenye majibu aliitwa uchafu wa ngozi na karatasi ikawekwa kando. Kwa mgonjwa wa saratani mwenye mrija, dharau hiyo ni ya hatari.

SWALI: Daktari, naishi na virusi vya Ukimwi, natumia dawa bila kukosa, na kliniki hunipa Septrini ya kila siku. Tangu mwaka jana natoka majipu kwapani na matakoni, moja likipona linakuja jingine. Duka la dawa walinipa mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, baadaye wakanipa amoksilini yenye klavulaniki, wakisema hiyo ndiyo kali zaidi. Hakuna kilichosaidia. Mke wangu naye ameanza kutoka jipu pajani. Nitumie dawa gani yenye nguvu? (Kaka wa Mbagala)

JIBU: Kaka yangu, niruhusu nilibadilishe swali lako kwanza. Suala la dawa gani ina nguvu linakuja baadaye. Kwanza tujue ni bakteria gani yuko ndani ya jipu, na kama jipu lenyewe limepasuliwa likatolewa usaha. Jipu lililoiva ni mfuko uliofungwa, na damu haiingii vya kutosha katikati yake, kwa hiyo hata dawa nzuri unayoimeza hubaki nje ya mfuko. Kwa jipu kubwa, kulipasua kwa kisu safi katika kituo cha afya ndiyo tiba yenyewe, na vidonge ni nyongeza. Usilikamue nyumbani, na lililo usoni karibu na pua au mdomo usiliguse kabisa.

Mhusika mkuu wa majipu ni Staphylococcus aureus, ndugu mkali zaidi wa yule niliyemweleza binti wa Tabata. Daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Uskoti, aliyeitwa Alexander Ogston, ndiye aliyemwonyesha kwenye usaha wa majipu mwaka 1880. Takriban mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani bila kuumwa. Penisilini ilimmudu mwanzoni, kisha akajifunza kuivunja. Mwaka 1959 ikaletwa methisilini, iliyotengenezwa mahususi ili asiweze kuivunja, na mwaka 1961 Uingereza ikaripoti aina iliyokwisha kuishinda. Aina hiyo ndiyo inayoitwa MRSA, na haikuishinda dawa kwa kuivunja. Ilibadilisha protini ambayo dawa huishika, dawa ikawa haina pa kushika.

Kwa hiyo tazama ulichopewa. Kloksasilini ni ya ukoo uleule wa methisilini. Klavulaniki iliyoongezwa kwenye amoksilini kazi yake ni kumzuia bakteria asiivunje dawa, na MRSA wala hana haja ya kuivunja. Ikiwa uliye naye ni MRSA, umehama kutoka dawa isiyofanya kazi kwenda nyingine isiyofanya kazi kwa sababu ileile, na bei imepanda bure.

Unachohitaji ni kipimo cha kuotesha usaha. Jipu linalofuata likiiva, nenda kabla hujameza kidonge chochote, na umwombe anayelipasua apeleke usaha maabara. Huko husambazwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, kisha hupangwa vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, na kesho yake mtaalamu hupima kwa rula duara lililobaki wazi kukizunguka kila kidonge. Kidonge cha sefoksitini ndicho kinachomfichua MRSA, kwani kwa Staphylococcus aureus duara lenye kipenyo cha milimita 21 au pungufu lina maana kwamba dawa zote ulizopewa duka la dawa zisahauliwe. Zipo nyingine za kumeza zinazoweza kukufaa, kama doksisaiklini au klindamaisini, lakini ni karatasi ya maabara itakayosema, na daktari wako ndiye atakayeandika.

Kuhusu Septrini, usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Hiyo inakukinga na nimonia ya Pneumocystis na maradhi mengine mazito ambayo ni mabaya kuliko jipu. Ila uelewe kwamba mtu anayeimeza kila siku huwaua bakteria wa ngozini na puani wanaoisikia, wakabaki wasioisikia, kwa hiyo mtu akikwambia utumie Septrini kutibu majipu ujue uwezekano wa kufaulu ni mdogo. Waulize kliniki mambo mawili: kipimo chako cha mwisho cha wingi wa virusi kilisemaje, na kama CD4 yako, yaani idadi ya seli zako za kinga, imepanda kiasi kwamba Septrini inaweza kusitishwa kwa utaratibu wao. Majipu yanayorudiarudia wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza kwamba virusi vimeanza kupanda. Wapime pia sukari, maana kisukari nacho huleta majipu ya namna hii.

Jipu la mkeo linaonyesha kwamba bakteria wanazunguka nyumbani. Kila mmoja awe na taulo lake na wembe wake. Mashuka na nguo za ndani zifuliwe, zianikwe juani na kupigwa pasi. Jipu linalovuja lifunikwe muda wote. Yakiendelea, daktari anaweza kuwapa nyote mpango wa kuwaondoa bakteria, ambao kwa kawaida ni mafuta ya mupirosini kupakwa ndani ya pua mara mbili kwa siku kwa siku 5, pamoja na kuoga kwa sabuni ya dawa yenye kloreksidini. Akifanyiwa mmoja tu, yule mwingine atamrudishia.

SWALI: Mimi nimetumia antibayotiki nyingi tangu utotoni. Je, ni kweli kwamba mwili wangu umezoea dawa na sasa haziwezi kunitibu? (Msomaji wa Sinza)

JIBU: Hapana. Anayekuwa sugu ni bakteria, si wewe. Ndiyo maana mtu ambaye hajameza antibayotiki hata moja maishani anaweza kuambukizwa bakteria sugu kutoka kwa jirani wa kitanda wodini na dawa ikashindwa kumsaidia. Pia ndiyo maana bakteria wako wa kawaida, ambao dawa zako za miaka mingi zimewachuja wakabaki wale sugu, wanaweza kuhamia kwa mtoto wako. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alilionya hilo katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, kwamba dozi ndogo zisizotosha zitawafundisha bakteria kuishinda dawa.

SWALI: Baba yangu ana kisukari na kidonda chini ya unyayo ambacho hakimuumi. Tunakisafisha kwa spiriti, kisha tunafungua vidonge vya rangi mbili na kumwagia unga wake. Kidonda kinakauka juu lakini hakifungi, na kimeanza kunuka. (Kijana wa Gongo la Mboto)

JIBU: Acheni unga huo leo. Najua desturi hii imeenea, na najua wanaoifanya hawana nia mbaya, lakini nimeona vidonda vingi vilivyogeuka kuwa gamba gumu juu na bwawa la usaha chini. Kwanza, rangi mbili si jina la dawa. Kapsuli za amoksilini, ampisilini, tetrasaiklini na hata za dawa zisizo antibayotiki zina rangi mbili, na baada ya kuzifungua hakuna anayeweza kusema ameweka nini. Pili, unga hukaa juu, mwingi hapa na kidogo pale, ukaua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu wakiwa na nafasi yote. Spiriti nayo huua seli changa zinazojaribu kukifunga kidonda.

Kinachonitisha zaidi ni maneno yako kwamba hakimuumi. Sukari ya muda mrefu huua neva za miguu, na baba anakikanyaga kidonda kila hatua bila kujua, huku seli zake nyeupe zikifanya kazi kwa uzito kwa sababu ya sukari hiyohiyo. Harufu inaonyesha kwamba maambukizi yameingia ndani. Mpelekeni kliniki ya kisukari wiki hii. Ataondolewa nyama zilizokufa, atapigwa picha ya mguu kuona kama mfupa umeshikwa, na sukari itarekebishwa, kwani bila hilo hakuna dawa itakayomsaidia.

Wakitaka kuotesha, ulizeni sampuli inachukuliwa wapi. Kijiti cha pamba kilichopitishwa juu ya kidonda kichafu huleta orodha ya kila bakteria aliyetua hapo, wakiwemo wa ngozi wasio na hatia, na daktari akiitibu orodha hiyo nzima mgonjwa atameza dawa tatu zisizohusika. Sampuli nzuri ni kipande cha nyama kutoka chini ya kidonda kilichokwisha kusafishwa. Na siku maambukizi yatakapokwisha, kidonda kikiwa chekundu, safi, hakina harufu, antibayotiki zitasimamishwa hata kama hakijafunga. Hiyo ni sawa. Kazi iliyobaki ni ya bandeji, sukari, na kutokanyagia unyayo huo.

SWALI: Ninauza duka la dawa muhimu. Mteja akija bila cheti akitaka antibayotiki, nikimnyima anavuka barabara na kununua kwa mwenzangu. Wengine wana hela ya vidonge sita tu. Nifanye nini? (Dada wa Manzese)

JIBU: Dada, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi jambo ambalo wengi hulifanya kimyakimya. Antibayotiki ni dawa za cheti, na duka kama lako lina orodha maalumu inayoruhusiwa. Yaliyo nje ya orodha hayana mjadala. Kwa mengine, unayo nafasi ambayo daktari hana, kwa sababu wewe humwona mgonjwa wa kwanza. Muulize kama anatibiwa saratani, ana kisukari, anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, anasafishwa damu, au anatumia predinisoloni, dawa inayopunguza kinga, kwa muda mrefu. Akijibu ndiyo kwa mojawapo, na ana homa au kidonda, usimuuzie chochote cha kujaribishia; mwelekeze hospitali. Mwenye mafua ya kawaida mweleze kwamba antibayotiki haiui virusi. Vidonge sita kwa mtu anayehitaji dozi ya siku tano ni hasara yake na ya mtaa mzima, na ni afadhali aende na hizo pesa zake chache kituo cha afya akaonwe.

Hata hivyo sikubaliani na wanaouweka mzigo wote juu ya wauza dawa. Wodini kwetu wapo wagonjwa wanaoanzishiwa seftriaksoni siku ya kulazwa kama sehemu ya mapokezi, bila sampuli kuchukuliwa, na wanaendelea nayo mpaka wanaruhusiwa. Wenzangu watanuna, lakini ndivyo ilivyo. Serikali ilikuwa na mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa wa 2017 hadi 2022, na sasa upo wa 2023 hadi 2028, na yote miwili inahimiza maabara zitumike zaidi. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet yanasema watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, zaidi ya 100,000 kati yao kwa MRSA pekee, na mzigo ulikuwa mkubwa zaidi katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, ambako kipimo cha kuotesha ni adimu.

SWALI: Mjomba wetu figo zimeshindwa, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kupitia mrija wa shingoni. Alilazwa kwa MRSA kwenye damu, sasa ameruhusiwa. Shangazi amemtengea sahani na kikombe, watoto wamekatazwa kumsalimia, na wanafikiria kuchoma godoro. Je, wako sahihi? (Msomaji wa Kigamboni)

JIBU: Wamehofu kupita kiasi. MRSA hasafiri hewani kama kifua kikuu. Huhama kwa mikono, kwa taulo, na kwa usaha wa kidonda kilicho wazi. Sahani na vikombe vioshwe kwa sabuni vitumiwe na wote. Godoro liachwe, shuka zifuliwe. Watoto wamwamkie mjomba wao na kumpa mkono, kisha wanawe. Mtoto mwenye kidonda kibichi au ukurutu uliochubuka ndiye asilale naye kitanda kimoja mpaka apone.

Nguvu zenu zielekezeni kwenye mrija. Anapooga usilowe. Bandeji ikilowa au ikibanduka ibadilishwe siku hiyohiyo na muuguzi, si nyumbani. Mrija huo ni wa kusafishia damu tu, kwa hiyo mtu yeyote asiutumie kuchukulia damu ya vipimo au kupitishia dripu, isipokuwa wahudumu wa kitengo chake, na wao wanapoufungua, wao na mjomba wawe wamevaa barakoa. Muulizeni daktari wa figo ni lini atatengenezewa fistula, yaani kuunganishwa kwa ateri na vena mkononi. Huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache kukomaa, lakini haina plastiki inayotoka nje ya ngozi, na maambukizi yake ni machache sana kuliko ya mrija. Wakati wa kusubiri, mkono utakaotumika usitolewe damu wala kuwekewa sindano.

Na mjomba mwenyewe ajue hili: bakteria waliojificha ndani ya mrija mara nyingi huingia kwenye damu pale mashine inapoanza kuvuta. Akihisi baridi kali na kutetemeka wakati anasafishwa, asione haya wala asisubiri afike nyumbani. Amwambie muuguzi palepale, damu ichukuliwe ya kuotesha kabla hajapewa dawa yoyote.